Mkungu Ulipoanza Kupukutisha

Masika yalianza Jumatatu. Jumatano mume wangu akalazwa, na baada ya siku 11 nikarudi nyumbani bila yeye, nimebeba mfuko wenye nguo zake, kandambili zake na simu iliyokwisha chaji. Mvua ilikuwa ile ya kutwa, isiyo na ngurumo. Niliposimama mlangoni kuvua viatu nilizitazama zile kandambili nikashindwa kujua niziweke wapi. Mwisho nikaziweka mahali pake pa siku zote, kulia kwa mlango. Zilikaa pale siku mbili, kila anayeingia kutoa pole anaziruka, mpaka mtu mmoja mwenye nia njema akaziondoa bila kuniuliza. Sijui zilikwenda wapi. Katika mambo yote ya wiki ile, mazishi na umati na maombi, hilo ndilo linalonirudia.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mimi ni fundi cherehani, kazi naifanyia nyumbani, na nina watoto wawili: binti aliyekuwa na miaka 14 wakati ule, na mvulana aliyekuwa na 6. Sikusomea elimu ya nafsi. Nilichonacho ni makosa yangu, na mengi yake yangeepukika kama mtu angenikalisha chini mapema akaniambia. Nikiyatazama sasa naona yote ni ya ukoo mmoja. Kila majira yana kazi yake, nami nilikuwa nafanya kazi ya majira mengine. Nilitupa wakati wa kuhifadhi, nikalipa wakati wa kuuliza, nikakimbia wakati wa kukaa. Kwa hiyo nitayasimulia kwa majira, kama yalivyonijia.

Wiki za masika sizikumbuki kwa mpangilio. Watu walikuja wengi na walinifaa. Walipika, walifua, walilala sakafuni. Maneno yao yalikuwa yale yale tunayoambiana sote: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, watoto wanakuangalia. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nimeyasema kwenye misiba ya wenzangu. Lakini lile neno "jikaze" nililichukua kama agizo. Nilijikaza mbele ya watoto, nikajikaza mbele ya mama mkwe, nikajikaza hata nikiwa bafuni peke yangu. Usiku nilikuwa nauma meno kiasi kwamba naamka taya zinauma, na jino moja la nyuma likapasuka. Miezi miwili baadaye nililing'oa.

Binti yangu aliona silii, naye akaacha kulia. Muda mrefu ulipita ndipo akaniambia, "Mama, nilidhani ukiniona nalia utaanguka." Tulikuwa tunalindana, kila mtu amejifungia chumbani kwake na huzuni yake, na hakuna aliyepata nafuu kwa ulinzi huo.

Kwa mdogo nilikosea vibaya zaidi. Aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia baba amelala, amepumzika. Nilidhani nampunguzia. Kuanzia siku hiyo akakataa kulala. Akifumba macho anayafumbua tena, na mimi nikisinzia ananitikisa bega: "Mama, usilale." Ilinichukua karibu mwezi kuelewa kwamba nimemfundisha mtoto kuwa watu hulala wasirudi. Nikamkalisha kitandani, nikamshika mikono, nikalitamka neno lenyewe. Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, na hatarudi. Kulala ni kitu kingine kabisa. Mimi nikilala nitaamka, na wewe ukilala utaamka. Akauliza kama baba anasikia baridi mvua ikimnyeshea kule alipo. Nikamwambia hasikii. Akakaa kimya kidogo, kisha akageukia ukutani akalala mpaka asubuhi.

Aliye na mtoto mdogo msibani nitamwambia hivi hivi: tumia neno "kufa". "Amesafiri", "amelala", "ametuacha", yote hayo watoto huyachukua kama yalivyo, na atakayelipia ni wewe, usiku baada ya usiku.

Wiki ya tatu nikafungua kabati. Mtu alikuwa amenieleza kwamba nguo za marehemu zikibaki ndani mfiwa haponi, nami nilikuwa tayari kufanya lolote lenye jina la kupona. Nilifanya kwa mkono wa fundi, haraka haraka: mashati huku, suruali huku, koti, mikanda, mpaka soksi. Yakatoka mabunda matatu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuja kuyachukua ayagawe. Akaniuliza mara mbili.

"Wifi, una hakika?"

"Chukua tu, wifi. Siwezi kuishi navyo."

Akachukua. Kwa siku kama mbili nilihisi wepesi fulani, na nikajipongeza. Siku ya tatu binti yangu akafungua lile kabati akakuta hanga zinaning'inia tupu. Akaniangalia. "Hata moja, Mama?" Hakusema zaidi ya hapo, na sikuwa na jibu.

Vitu vya aliyekufa havidai kodi. Vitie kwenye sanduku, andika tarehe juu yake, lisukume chini ya kitanda, uamue mwakani. Kinachoharibika ondoa, kinachohitajika na mtu leo mpe, lakini usimruhusu mtu yeyote akuwekee saa. Na waulize watoto kabla hujatoa hata leso. Mimi sikuuliza.

Kosa lililonigharimu zaidi mfukoni nalo ni la masika yale yale. Mume wangu alikuwa ameacha mkopo. Wiki ya tano simu ikaja kutoka kwa mkopeshaji, ya adabu kabisa, kuuliza marejesho yataendeleaje. Nikaingiwa na hofu. Kichwani nilishaona watu wanabeba vyombo vyangu. Nilikuwa na mashine mbili: cherehani changu cha kawaida na overloki, ile inayokata na kufunga kingo za kitambaa kwa pamoja, ambayo niliidunduliza miaka minne kuipata. Nikaiuza ndani ya siku mbili. Mnunuzi huzijua dalili za mtu mwenye haraka. Aliondoka nayo kwa chini ya nusu ya thamani yake. Nikalipa deni lote, nikapewa risiti, nikajiona mwanamke jasiri.

Miezi minne baadaye, nikipanga karatasi zake, nikausoma mkataba. Mkopo ulikuwa na bima. Mkopaji akifa, bima hulipa salio, na kila rejesho alilokuwa analipa ndani yake mlikuwa na fungu la bima hiyo. Nikabeba cheti cha kifo, mkataba na risiti, nikaenda. Nikaenda tena. Mara ya tatu wakakubali kunirudishia sehemu. Iliyobaki walisema taarifa ya kifo ilichelewa kupita siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Overloki haikurudi. Mpaka leo kingo za nguo nazipeleka kwa fundi mwenzangu, na kila nikienda napita kwenye kosa lile.

Kwa hiyo, kabla hujalipa deni lolote la marehemu, uliza mambo haya na utake majibu kwa maandishi: deni lina bima au halina, taarifa ya kifo inatakiwa ndani ya siku ngapi, na salio kamili ni kiasi gani. Si kila deni la marehemu humwangukia mwenzi wake. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na kwingi kuna msaada wa kisheria usiolipiwa, basi usitie saini kabla hujamwuliza mtu anayeijua sheria. Chukua nakala za cheti cha kifo zilizothibitishwa, tano au sita kwa mara moja, kwa sababu kila mlango utakaobisha utaombwa moja. Na simu zikipigwa, sentensi moja inatosha: "Nimekusikia, nitumie kwa maandishi, nitajibu baada ya wiki mbili." Niliiandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ukutani karibu na cherehani, kwa kuchelewa, lakini imenisaidia mara nyingi tangu hapo.

Kisha mvua zikakatika, kikaingia kipupwe, na watu wakaondoka. Ni haki yao, kila mtu ana nyumba yake. Simu zikapungua kutoka kumi kwa siku mpaka moja kwa wiki. Ardhi ikakauka, asubuhi zikawa na ubaridi, mbingu ikawa nyeupe, na hapo ndipo msiba wenyewe uliponifikia.

Jambo hili lilinichanganya sana. Nilikuwa nadhani kilele kimeshapita, kwamba ukivuka mazishi umevuka. Jioni moja binti yangu alikuwa anafanya kazi ya jiografia mezani, ananisomea kwa sauti: dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na ndiyo sababu ya majira; kwenye Ikweta jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa. Nikasimamisha mashine. Hulifuata kwa kuchelewa? Akarudia: joto la bahari na nchi kavu huchukua muda, kwa hiyo mvua haiji siku ile ile ya jua la utosini, huja nyuma yake. Sikumwambia kitu, lakini moyoni nilisema ndiyo hivyo. Kifo kilipita juu yangu Machi. Mvua yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, Julai, wakati kila mtu ameshakunja mwavuli.

Nikafanya nilichokijua: kazi. Nilishona usiku. Saa 8 za usiku, saa 9, taa moja, watoto wamelala. Nilipokea kazi kuliko uwezo wangu kwa sababu cherehani kikilia sisikii kingine. Kula nilikula nikikumbuka. Usiku mmoja nikapitisha sindano kwenye ukucha wa kidole cha shahada, ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili, na kilichonitisha si maumivu. Nilikaa nakitazama kidole kile kimebanwa chini ya mguu wa mashine na sikuona sababu ya kukitoa. Dakika nzima. Kisha nikauzungusha mkono wa mashine taratibu kwa kiganja cha kushoto, sindano ikapanda.

Wiki ile ile nikaanza kubanwa kifua. Nikajiambia ni huzuni, huzuni inakaa kifuani, itapita. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wazee hawakusema bure: siku ya nne nilipanda ngazi sita nikakaa chini. Mama mkwe, mwanamke wa maneno machache, akanishika mkono. "Mwanangu, mmoja nimeshazika. Twende hospitali." Tukaenda.

Walinipima moyo, damu na presha. Moyo ulikuwa salama. Presha ilikuwa juu na damu ilikuwa pungufu. Daktari alikuwa kijana mwenye subira, akanieleza jambo ambalo sikulijua: mshtuko wa msiba unaweza kuudhuru moyo wenyewe, ule wa nyama na damu. Wajapani ndio walioueleza ugonjwa huo kwanza, mwaka 1990, wakauita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa sababu chumba cha moyo hutuna kikafanana na chungu hicho, na wanaoupata zaidi ni wanawake wa umri mkubwa. Mimi sikuwa nao. Lakini maumivu ya kifua usiyaite huzuni mpaka daktari ayaite hivyo.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mnasihi. Kikao cha kwanza nilikwenda nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Nilikuwa nimesikia kwamba huzuni ina hatua tano, kukana, hasira, kujadiliana, kuzama, kukubali, na nikamlalamikia kwamba mimi zimenivurugika: nilikubali mwezi wa kwanza, sasa nina hasira, jana nilikana. Je, nimeharibika? Akanieleza kwamba Elisabeth Kübler-Ross, daktari aliyeziandika hatua hizo mwaka 1969, alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ngazi aliyowekewa mjane apande moja baada ya nyingine. Nililia pale, kwa sababu kwa miezi mitano nilikuwa najiona nimefeli hata huo msiba.

Akanieleza pia kazi ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko ndani ya msiba, analia, anakumbuka. Saa nyingine yuko kwenye maisha yaliyobadilika, analipa bili, anajifunza kazi aliyokuwa anaifanya mwenzake. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomvusha. Anayekaa upande mmoja tu ndiye anayekwama, na mimi nilikuwa nimehamia upande wa kazi nikafunga mlango.

Tukakubaliana jambo dogo. Kila siku saa 11 jioni niache mashine, nikae nje nusu saa, nisifanye kitu. Ukija uchungu uje, usipokuja basi. Saa 11 na nusu niingie ndani nipike. Nusu saa tu. Siku za mwanzo ilinichosha kuliko kushona gauni la harusi.

Na hapo nje ndipo palipo na mkungu.

Anayeujua mti huu anajua matawi yake hukaa tabaka tabaka kama rafu, na majani yake ni makubwa kuliko kiganja. Wengi hudhani miti ya nchi za joto haipukutishi. Mkungu hupukutisha, mara moja au mbili kwa mwaka, na kabla ya kuanguka majani hugeuka mekundu, mekundu ya damu na shaba. Ule wa kwetu ulianza mwishoni mwa kipupwe. Kila jioni nikikaa pale linaanguka moja, lingine, kwa kishindo kidogo kama mtu ameweka bahasha sakafuni. Mwanangu alikuwa anayaokota. "Mama, mti unaumwa?" Nikamwambia unakufa kidogo. Sikuwa na lugha nyingine mwezi ule.

Nina mteja ambaye ni mwalimu wa biolojia. Alikuja kuchukua sketi akamkuta mtoto na rundo lake la majani mekundu, akachuchumaa. Akamwonyesha, na mimi nikasogea. Kabla mti haujaliachia jani, alisema, huanza kwa kunyonya kutoka ndani yake kile kinachofaa, nitrojeni hasa, na kukirudisha kwenye tawi. Rangi ya kijani huondoka, ndiyo maana nyekundu huonekana. Kisha pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti hujenga utando wa seli, na kidonda hufungwa. Upepo haulichani jani lile, unamalizia tu.

Akainamisha tawi tutazame. Mahali jani lilipodondoka palikuwa na kovu la mviringo, kavu, laini ukiligusa, na juu yake kidogo kichipukizi kimekaa kimejifunga. Kisha akachuma jani bichi lililokuwa bado na kazi, akalivuta kwa nguvu. Likatoka na kipande cha ganda la tawi, na pale palibaki pabichi, panatoa maji.

Nilirudi kukaa. Nililiona kabati. Mabunda yale matatu niliyachana kwenye tawi yakiwa mabichi, sikuwa nimetoa ndani yake hata kitu kimoja: harufu, hadithi ya lile koti, nani alilinunua. Kuachia sikukosea, kila mtu ataachia. Nilikosea kuachia kabla sijachukua. Tangu siku hiyo nilianza daftari. Jioni, katika ile nusu saa, naandika jambo moja la kwake, si lazima liwe zuri. Kwamba alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kubisha mlango wake mwenyewe. Kwamba alikuwa mgumu kuomba radhi, na akishindwa ananiletea maji ya kunywa. Binti yangu akaligundua daftari, akaanza kuandika yake upande wa nyuma. Tuliacha kujifungia vyumbani.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa fupi na yenye mvua za ghafla, na mimi nilikuwa vivyo hivyo. Wiki nzima safi, kisha Alhamisi moja bila sababu siwezi kuamka. Siku moja mteja alinisimulia kisa nikacheka, nikacheka kweli, mpaka nikafuta machozi, na papo hapo nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Hakuna aliyenifumania. Nawaambia wajane wenzangu: kicheko cha kwanza kinauma, cha pili kinauma kidogo, na aliyekufa hapunguziwi kitu na kicheko chako.

Katika vuli ndipo nilipojifunza kuomba. Watu husema "ukihitaji chochote niambie," nasi hujibu "asante, tuko salama," na pande zote mbili tunaachana hapo. Nikaanza kuomba kitu kilicho wazi, chenye siku na saa. Jirani, naomba Jumanne umchukue mtoto shuleni. Wifi, naomba uje Jumamosi asubuhi tukae na karatasi hizi, mimi nasoma wewe unaandika. Sikukumbuka hata mmoja aliyekataa. Wengi walionekana kushukuru, kama watu waliokuwa wamesimama muda mrefu mlangoni na mzigo.

Kwa baadhi ya watu haipungui, na hili nalisema kwa uzito. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua msiba usiopungua kuwa tatizo linalohitaji tiba: pale ambapo zaidi ya miezi 6 imepita na bado hamu ya marehemu au uchungu wake umemshika mtu kiasi cha kushindwa kuendesha maisha, kupita mila na desturi za watu wake zinavyotarajia. Wataalamu wa Marekani kwa mtu mzima huhesabu mwaka. Ukijikuta hapo, hujakosa imani wala nguvu, unahitaji tabibu kama anavyomhitaji mtu aliyevunjika mguu. Na kama unaona heri ungemfuata, usisubiri miezi. Mwambie mtu leo, jioni hii, mwambie asikuache peke yako.

Kiangazi sina mengi ya kukisimulia. Kilikuwa kirefu na cha kawaida, na ukawaida ulikuwa neema. Nilirudi kulala. Presha ilishuka. Mkungu ukapukutisha tena, mara hii mtoto akamweleza rafiki yake kuhusu kikonyo na kovu, kwa sauti ya mwalimu.

Tarehe ya mwaka mmoja nilijiandaa nayo vizuri. Nilipanga watoto wasiende shule, nikapanga nani atakuja. Kumbe mwili hausomi kalenda. Wiki moja na nusu kabla ya tarehe, nikiwa naanika nguo, mvua ya kwanza ya masika ikapiga vumbi, ikainuka ile harufu. Magoti yaliniisha. Nilijikuta nimeshika kamba, niko tena kwenye ujia wa hospitali, viatu vimeloa. Mwalimu wa biolojia aliniambia baadaye kwamba harufu ile hutokana na kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu hukinasa hata kikiwa kidogo mno. Mwaka jana na mwaka huu nimejiandaa na mvua badala ya tarehe. Mawingu yakianza kupanda sipokei kazi za haraka, namjulisha wifi, na watoto nawaambia wazi: majira ya baba yanakuja, tutakuwa wazito siku kadhaa.

Katika masika hayo ya kwanza baada yake, wifi alikuja siku ya pili ya mvua, amefunika kitu kwa nailoni chini ya khanga. Akakiweka mezani. Shati lake la buluu, la mistari myembamba.

"Nililitoa kwenye bunda siku ile ile," akasema. "Nilijua utakuja kuliuliza."

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Ungeniambia nilitoe nalo."

Ilikuwa kweli. Nikaligeuza kola nikaona mkono wangu mwenyewe: mwaka aliozaliwa mdogo wetu kola ilikuwa imelika, nikaifumua nikaigeuza ndani nje, na uzi niliotumia haukufanana sawasawa na kitambaa. Alilivaa hivyo hivyo miaka sita.

Safari hii niliwauliza watoto. Binti alisema asilipunguziwe, akunjiwe mikono tu. Mdogo alifikiri kwa muda, akasema anataka mfuko, ule wa kifuani, nimshonee ndani ya begi lake la shule. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono mmoja mmoja, wao wameniinamia pande zote mbili. Mfuko ulipoachia, chini yake kilibaki kipande cha mraba cha buluu iliyokolea, ambacho jua halikuwahi kukifikia. Shati lote lililobaki lilikuwa limepauka kukizunguka.

Binti yangu akaweka kidole pale. "Ndivyo lilivyokuwa jipya?"

"Ndivyo lilivyokuwa," nikamwambia, na nikaanza kuwasimulia siku aliyolinunua.